Chakula na Vyombo Vinaoza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, mgongo umetulia, na lile jicho lililofanyiwa upasuaji limeanza kuona kitu zaidi ya ukungu. Najua daktari amekukataza kusoma, kwa hiyo anayesoma hapa ni wifi yangu, na wewe unamsikiliza umefumba macho kama mtu aliyelala, kumbe hakuna neno linalokupita. Wifi, na wewe nakusalimu sana. Soma polepole, usiruke mistari, na mahali nitakapokuambia usimame, usimame kweli. Huko mbele kuna sehemu nitakuomba uangalie kwanza kama kaka yuko karibu.

Mimi huku ni mzima. Mkono niliouunguza kwa mvuke umepona, imebaki alama tu ya kujivunia. Mama, najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Nikipiga simu unanikatiza kabla sijafika katikati, halafu kaka anaweka ile sauti ya juu, mambo yangu yanasikika hadi kwa jirani. Barua haikatizwi.

Kaka aliniambia ameshapaka rangi chumba cha nyuma, rangi ya kijani, ameweka na kitanda, ili jiko likinishinda nirudi nyumbani nisihangaike. Namshukuru kutoka moyoni, na hilo umwambie hata kama mengine yote utamficha. Lakini mama, wewe sikufichi: kila nilipokifikiria kile chumba, nilikuwa nahesabu upya pesa za kodi. Tangu nilipofiwa na mume wangu, ni hili jiko lililonisimamisha. Kurudi nyumbani kukusalimu ni raha. Kurudi na mabegi yote kwa sababu umeshindwa, hapo hata njia huwa ndefu. Basi habari ninayokuletea leo ni ya kile chumba, ingawa itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye maboksi.

Unayakumbuka yale maboksi meupe mepesi niliyokuwa nafungia wateja chakula? Ulipokuja kunitembelea uliyapenda mno, ukaondoka na rundo zima ukasema utawekea vifungo na nyuzi zako za kushonea. Yatunze, mama, maana hutayaona tena. Yamepigwa marufuku mji mzima. Na kusema haki, sikuwa na uso wa kulalamika. Kila mvua iliponyesha yalikuja yakielea kwenye mtaro hapa mbele, yakijikusanya mlangoni kwa fundi saa, na mengi yalikuwa na rangi ya mchuzi wangu mimi mwenyewe. Fundi saa alikuwa akiyatoa kwa fimbo na kuyapanga mbele ya mlango wangu, kama mtu anayerudisha watoto waliopotea.

Marufuku ilipotangazwa, meneja wa lile jengo la ofisi ng'ambo ya barabara naye akatangaza lake. Huyu meneja ni mama mmoja mwembamba wa mwili, mnene wa sauti, akiita mlinzi kule ghorofani mimi huku najikuta nimeitika. Alisema anataka mpishi mmoja wa kuwaletea wafanyakazi wake wote chakula cha mchana, na mpishi huyo lazima afungie katika vyombo ambavyo vikitupwa vinarudi kuwa udongo. Tulibaki wawili tunaoitaka kazi hiyo, mimi na yule mwenye hoteli kubwa ya kona, ambaye wahudumu wake wanavaa sare na wanainama wakikusalimu. Yeye angeikosa angeendelea kulala usingizi wake. Mimi kodi ya jiko ilishanifika shingoni, na nilijua wazi kwamba nikiikosa kazi ile, nakuja kulala kwenye rangi ya kijani.

Nikaanza kutafuta vyombo. Maboksi ya kwanza yalikuwa ya karatasi ya kahawia, yanapendeza kweli, lakini mchuzi uliyatoboa mtu akiwa bado njiani. Mhasibu wa jengo lile aliharibikiwa na tai yake, na mpaka leo akija kwangu huitupa begani kabla hajapokea chakula, hata siku ambayo nimepika vikavu. Baadaye nikapata mengine magumu, ya rangi ya unga wa ngano, yaliyotengenezwa kwa makapi ya miwa, yale yanayobaki miwa ikishakamuliwa. Haya yalishika mchuzi barabara. Niliweka maharage ya moto ndani yake, nikaligeuza boksi juu chini mbele ya msaidizi wangu, halikutoa hata tone, tukashangilia kama wehu.

Huyu msaidizi wangu tunamwita Haraka, kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Lakini kichwa chake kinafanya kazi kuliko miguu, na ndiye aliyesema tuweke bango ili watu wajue tumebadilika, na meneja alione kutoka dirishani kwake. Bango likapelekwa kwa Herufi.

Herufi ni fundi wa mabango, karakana yake tunapakana nayo ukuta kwa ukuta. Ni mtu mzima, mvi zimeanza kumtembelea, nguo zake zina rangi zote za dunia. Wamempa jina hilo kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu anabania maneno, utadhani kila herufi inayomtoka mdomoni ameinunua. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu, moshi umejaa, nikampigia kelele kupitia dirishani kwamba aandike hivi: chakula chetu ni kitamu, na vyombo vyetu vinaoza. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Sasa mama, ubao aliokuwa nao ulikuwa nusu ya mlango wa zamani. Akapima, akaona maneno yangu hayaenei kwa ukubwa wa herufi anaoupenda yeye. Mtu mwingine angepunguza ukubwa. Herufi akapunguza maneno. Asubuhi akaja kulitundika bango juu ya mlango wangu wakati mimi nimeinamia masufuria, akashuka ngazi, akaenda zake. Na kwa mwandiko ambao sijaona mzuri kama huo tangu nizaliwe, kwa rangi nyekundu iliyokolea, lilisomeka: KARIBU. CHAKULA NA VYOMBO VINAOZA.

Wifi, mpe mama maji anywe, najua anacheka.

Mimi sikujua lolote. Muda wa chakula ukafika, nimesimama na upawa wangu, hakuna mtu. Nikachungulia, naona watu wamejaa ng'ambo ya barabara wameelekeza simu zao kwangu. Nikadhani kuna mtu maarufu anapita, nikajifunga kitambaa vizuri. Mhasibu akamtuma mlinzi aje aulize kama kilichooza ni cha leo au cha jana. Hata kabla sijamwelewa, bwana afya akaingia na koti lake jeupe, kwa sababu picha ilishamfikia. Alifunua sufuria moja baada ya nyingine, akanusa, akaonja, akaomba sahani, akala akamaliza, halafu akanishauri kwa upole nitoke nje nikasome mlango wangu. Nilipotoka nikasoma, nikashika fremu ya mlango. Na simu ya meneja ikaingia nikiwa bado nimeishika. Alisema ameahirisha uamuzi wake, na kwamba yule wa hoteli ya kona tayari amempelekea salamu na chakula cha kuonja.

Nilikwenda kwa Herufi nikiwa na upawa mkononi, na sikuwa nimekwenda kumgawia chakula. Alitoka nje, akalitazama bango kwa muda mrefu ameinamisha kichwa upande, kisha akasema sentensi haina kosa: chakula ni cha ki, vyombo ni vya vi, vikikaa pamoja kitenzi kinafuata vi. Nikamwambia sarufi yake nzima, ila biashara yangu imekufa. Hapo nikaona imemwingia. Akaniomba radhi, kwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Halafu akachukua kiti chake, akakiweka chini ya lile bango, akaagiza wali na maharage katika boksi la makapi, akakaa pale akala mtaa mzima ukimtazama. Kesho yake akarudi, akakaa palepale. Watu wakaanza kupita kumuuliza anajisikiaje. Akawa anawaambia neno moja tu, kwamba ameshiba.

Nilipanga kulishusha lile bango siku ileile. Lakini nilipopanda ngazi nikajiambia, hawa watu wanacheka kwa sababu hawajui kinachooza ni nini na kinaozaje. Badala ya kuwaficha, kwa nini nisiwaonyeshe? Nikamwomba Herufi ile ndoo yake kubwa inayoonekana hadi ndani, anayolowekea brashi. Tukaiosha, tukatia udongo, maganda ya viazi na nyanya zilizolegea, na maji kidogo. Upande mmoja tukazika boksi jipya, upande wa pili tukazika lile jeupe la zamani, yote yakigusa ukuta wa ndoo ili yaonekane. Tukaiweka mlangoni. Herufi akafuta yale maneno CHAKULA NA kwenye bango, akachora mshale unaoelekea chini kwenye ndoo.

Mama, watu wanapenda kutazama vitu vikioza! Sikulijua hili. Walikuja wakati wa mapumziko kuchungulia ndoo kama wanaomjulia hali mgonjwa. Fundi saa alishika upande wa boksi jeupe kwamba udongo hautaligusa, mhasibu akashika upande wa boksi la makapi, wakawa wanabishana mpaka wanasahau kurudi kazini. Na mtu akisimama mbele ya jiko langu akinusa vitunguu kwa muda wote huo, njaa inamshika tu. Wateja wakarudi mmoja mmoja, wakaleta na wenzao.

Boksi la makapi likaanza kulegea kingo, likaingia madoa, likanywea. Mhasibu akawa anatembea kifua mbele. Kisha siku moja nikagundua kitu kilichonitoa jasho. Makapi yalikuwa yanayeyuka vizuri, lakini ndani yake palibaki utando mwembamba unaong'aa, kama ule ugozi unaoganda juu ya maziwa. Ilikuwa plastiki. Kumbe ndiyo iliyokuwa inashika mchuzi siku ile tuliposhangilia. Aliyeniuzia aliapa kwamba boksi zima linaoza, na mimi nikawaapia wateja hivyohivyo.

Haraka aliniambia niutoe ule utando kimyakimya kabla meneja hajauona. Sitakudanganya kwamba sikuutamani ushauri huo. Nilitia mkono kwenye ndoo, nikaushika kabisa kwa vidole viwili. Halafu nikawaza wale watu waliokuwa wakija kuchungulia kwa imani yao yote, nikamkumbuka na fundi saa na fimbo yake mtaroni, nikaona aibu. Nikautoa, lakini nikauweka juu, mahali panapoonekana. Nikamwita Herufi, nikamwambia aandike: HIKI HAKIJAOZA. TUMEDANGANYWA, NA SISI TUKAWADANGANYA BILA KUJUA. TUNATAFUTA KINGINE. Nilimwonya asikate hata herufi moja. Akaniangalia, akaenda kutafuta ubao mrefu zaidi, akayaandika yote.

Nikarudisha mzigo uliobaki kwa yule muuzaji, tukagombana hadi sauti ikanikauka. Nikampata mama mmoja anayeyagandamiza makapi mwenyewe kwa mashine ndogo nyumbani kwake, bila utando wowote. Boksi lake halikai na mchuzi siku nzima, linakaa muda wa mtu kula chakula chake, na hata mimi sijui nilikuwa nataka likae zaidi ili iwe nini. Tukalizika nalo ndooni. Likalegea, likavunjikavunjika, likapotea kabisa, mpaka fundi saa akaleta kioo chake cha kukuzia akalitafuta bila kuliona. Palepale lilipokuwa pakachipua mche wa nyanya ambao hakuna aliyeupanda. Boksi jeupe upande wa pili lilikuwa linang'aa vilevile, limepata vumbi tu.

Kumbe muda wote huo meneja alikuwa akitutazama kutoka dirishani kwake. Akashuka, akavuka barabara na sauti yake, akasoma mabango yote mawili, akachota udongo kwa mkono akaunusa. Aliniuliza kwa nini niliuacha ule utando uonekane. Nikamjibu kwamba kama ningeuficha, ningekuwa nauza uongo ndani ya boksi. Akasema mpishi anayeanika kosa lake mlangoni hatamlisha nyama mbovu jikoni, na kazi akanipa palepale, huku Haraka akikimbia, mama, akikimbia kabisa, kuwaambia watu.

Sasa tunawapikia jengo zima. Maboksi yakishatumika yanarudi kwangu pamoja na mabaki, tunayageuza kuwa udongo uani nyuma, na nyanya zinazoota huko zinarudi sufuriani. Kodi ya jiko nalipa bila kuombwa mara mbili. Sirudi kwenye chumba cha kijani, mama. Jiko limesimama, na mimi nimesimama nalo.

Wifi, simama hapa. Angalia kama kaka yuko karibu. Kama yupo mtume dukani, mwambie mama anataka chumvi. Akishatoka, endelea.

Mama, Herufi hakuacha kukaa kwenye kile kiti. Wateja walikwisha kurudi, hakuna aliyehitaji tena kuonyeshwa kwamba chakula hakiui, na yeye bado alikuwa anakuja kula palepale. Nilipomuuliza alisema hajamaliza kuomba radhi. Akawa ananisaidia kugeuza udongo uani. Kwa maneno ni bahili vilevile, lakini mtu anaweza kuzoea kukaa na ukimya wake, na mimi nikajikuta nimeuzoea mpaka siku asipokuja, uani naona pana kelele. Hajawahi kuoa. Anasema hajapata ubao unaoenea.

Juzi alasiri tulikuwa tunachekecha udongo, Haraka anaosha masufuria pembeni. Herufi akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, jambo ambalo halifanyi hata akienda kula, akasimama mbele yangu akaniuliza: kwenu nani anaoza? Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye chekeche. Nikaudhika. Nikamwambia kwetu haozi mtu, kwetu ni watu wasafi, tunaoga asubuhi na jioni, na mama yangu ndiye msafi kuliko wote. Akatoa macho. Haraka akaangusha sufuria, akakaa chini kwenye maji ya sabuni, akacheka mpaka akashindwa kupumua. Mimi bado nimekasirika, nauliza kinachochekesha ni nini. Ilibidi Haraka aniambie, akijifuta machozi, kwamba huyu mtu ananiuliza ni nani kwetu mwenye idhini ya kunipa mume.

Herufi mbili tu, mama! Angesema nani anakuoza, ningemwelewa. Lakini alizibania, kama alivyonibania kwenye ule mlango wa zamani. Alisimama pale masikio yamemwiva, akasema safari hii anaomba asipunguze neno, na akazungumza. Aliyoyasema nitabaki nayo mimi. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Sijamsahau marehemu na sitamsahau, na hilo nilimwambia. Akasema hajaja kufuta kilichoandikwa, anaomba nafasi iliyobaki kwenye ubao. Basi moyo wangu ukakubali, na nakuambia waziwazi: nampenda.

Nikamjibu kwamba baba ametangulia, na kwetu mwenye kauli ni mama. Dada zake wawili wanataka kuja kupiga hodi mwezi ujao, kama jicho lako litakuwa limeruhusiwa kuona wageni. Kaka mwambie wewe mwenyewe, taratibu, akishakula. Mwambie kazi yake haikupotea bure, chumba kile tutafikia sisi tukija kukusalimu, ila kitanda alichoweka ni chembamba. Wifi, sentensi hiyo ukiona haya iruke.

Neno lililotaka kunifungia jiko ndilo hilohilo ninalokuletea miguuni pako, kwa heshima zote na kwa herufi zake zote: mama, nioze.

Msalimie kaka, wabusu watoto, na fundi cherehani mwenzako mwambie nyuzi alizoniagiza nitamletea. Jicho lipumzishe. Likipona, cha kwanza kusoma kiwe barua hii, wewe mwenyewe, ili ujue wifi hakutia chumvi.

Ni mimi mwanao,
mpishi wa vyombo vinavyooza